Hesabu ya Jikoni: Mke wa Maheu na Mgomo wa Makaa katika Germinal

Riwaya ya Germinal ya Émile Zola, iliyotoka kitabuni mwaka 1885, kwa kawaida huhakikiwa darasani kwa kumfuata Étienne Lantier. Jambo hilo linaeleweka. Étienne ndiye anayefika Montsou usiku wa baridi kali bila kazi wala chakula. Ndiye anayejisomea vitabu, anayeanzisha mfuko wa akiba, anayewahutubia wachimbaji msituni, na mwishoni ndiye anayeondoka kwenda Paris. Mwanafunzi akimfuata Étienne ukurasa kwa ukurasa atapata dhamira zote anazozihitaji kwa ajili ya mtihani: unyonyaji, mwamko wa kitabaka, usaliti, matumaini. Makala haya yanapita njia nyingine. Nadai kwamba mgomo katika riwaya hii unapimwa jikoni, kwa mke wa Maheu, kwa mkate, kahawa, deni na moto wa kuota, na kwamba hotuba za Étienne zinapata uzito pale tu zinapofika kwenye meza ya mama huyo. Nadai pia kwamba Zola ni mwandishi mkubwa zaidi anapokaa jikoni kuliko anapowatoa wanawake wale wale barabarani na kuwageuza kundi la kutisha.

Kwanza neno moja kuhusu makaa. Kwetu Lubumbashi "makala" ni mkaa wa kupikia, ule unaonunuliwa kwa gunia au kwa kipimo kidogo pembeni mwa barabara. Katika Kiswahili tunachofundishwa chuoni, makala ni andiko kama hili. Wenzangu wamenicheka sana kwamba naandika makala juu ya makala. Lakini makaa ya Montsou ni makaa ya mawe, yanayokatwa kwa sururu chini kabisa ya ardhi na watu waliolala ubavu ndani ya nafasi nyembamba, maji yakiwadondokea usoni. Hata hivyo msomaji wa mji wetu ana faida fulani. Zola anapoeleza kilima cha mabaki ya mgodi kinachosimama juu ya nyumba za wafanyakazi, sisi hatuhitaji maelezo ya pembeni, kwa maana tumekua tukikiona kilima cheusi cha mabaki ya shaba na lile bomba refu la moshi kutoka karibu kila upande wa mji. Anapoeleza kambi ya kampuni, nyumba zote za aina moja, ukuta mwembamba kiasi kwamba jirani anasikia hadi kikohozi, hatuhitaji pia.

Zola hakuibuni hali hii akiwa amekaa mezani tu. Mapema mwaka 1884 wachimbaji wa makaa wa Anzin, kaskazini mwa Ufaransa karibu na Valenciennes, waligoma kwa siku 56. Mgomo ulipoanza Zola alisafiri kwenda huko, akaingia katika nyumba za wafanyakazi, akashuka mgodini, akajaza daftari. Kisha akaihamishia hadithi yake nyuma, kwenye miaka ya 1860, zama za Mfalme Napoleon wa Tatu. Kuhamisha huku kuna faida yake, nami nitakurudia, kwa sababu mwaka 1874 sheria ya Ufaransa ilipiga marufuku wanawake kufanya kazi chini ya ardhi. Kwa hiyo mwaka 1884 Zola hakuwakuta wanawake chini ya mgodi. Aliwakuta majumbani.

Tuingie nyumbani basi. Familia ya Maheu ina watu kumi: babu Bonnemort anayetema makohozi meusi, Maheu, mkewe, na watoto saba kuanzia Zacharie mwenye miaka 21 hadi Estelle aliye bado kifuani. Mama huyu katika riwaya anaitwa la Maheude, yaani mke wa Maheu. Kwetu angeitwa Mama Zacharie, kwa jina la kifungua mimba wake. Montsou wanamwita kwa jina la mume. Nitamwita Maheude. Mara tu tunapokutana naye, alfajiri, kabla hajainuka kitandani, anapiga hesabu. Maheu na Zacharie wanaleta faranga tatu tatu kwa siku, Catherine na babu mbili mbili, Jeanlin moja. Jumla ni faranga kumi na moja, lakini ukitoa Jumapili na siku ambazo mgodi hauna kazi, hazizidi tisa kwa watu kumi. Hesabu hii Zola haipitii haraka. Anaiacha isikike yote, kama mama anavyoisema kwa sauti ya chini huku mumewe akitafuta mkanda wake wa ngozi.

Napenda kusisitiza jambo hili kwa sababu wahakiki wanaotumia nadharia ya Umarksi, nasi wanafunzi tunaipenda mno nadharia hiyo, hukimbilia namba za upande wa pili. Wanatuonyesha familia ya Grégoire, inayoishi katika nyumba ya Piolaine bila kufanya kazi yoyote, ikila faida ya hisa moja iliyonunuliwa na babu mkuu wao, hisa ambayo sasa inaleta faranga 40,000 kwa mwaka. Ulinganisho huo ni wa haki na Zola aliuweka makusudi. Lakini 40,000 ni namba inayokaa kimya. Haina mtu anayeihangaikia. Tisa ni namba inayoamshwa kila asubuhi, inayokatwa, inayoongezewa maji kama kahawa ya jana. Faranga 40,000 zinamwambia msomaji kwamba kuna dhuluma. Zile tisa zinamfundisha jinsi dhuluma inavyoliwa.

Sura ambayo Maheude anakwenda Piolaine kuomba ndiyo kipimo cha ufundi huu. Anakwenda na watoto wawili wadogo, Lénore na Henri, wakiwa wameloa matope. Anachotaka ni faranga tano tu. Wenye nyumba ni watu wema, na Zola hafanyi kosa la kuwachora kama mashetani. Wana huruma, wana adabu, na wana kanuni kwamba hawatoi fedha taslimu, kwa kuwa maskini akipewa fedha huzinywa. Basi wanampa nguo za sufu. Binti yao Cécile anawapa watoto vipande vya brioche, mkate mtamu wa siagi na mayai, wawapelekee na wenzao. Maheude anashukuru. Kisha inambidi aende kwa Maigrat, mwenye duka, ambaye amekwisha mnyima mkopo. Safari hii anakubali. Anampa mikate, kahawa, siagi, hata zile faranga tano. Halafu anamwambia kwamba siku nyingine amtume binti yake Catherine kuchukua vitu. Maheude anaelewa mara moja. Anajiambia kwamba Catherine atamzaba kofi akijaribu kumgusa, na anaondoka na mikate yake.

Kila mtaa una daftari la madeni, na mwenye kushika daftari anajua mengi kuliko padri. Ninachokiona katika sura hii ni kwamba Zola ametuonyesha, kabla ya mgomo wowote, mipaka ambamo mgomo utafanyika. Nguo za sufu haziliwi. Mkate una bei, na bei yake ni mtoto wa kike. Mtu anayesema baadaye kwamba wagomaji walikosa subira au walikosa mpango, na wahakiki wa namna hiyo wapo, ajiulize kwanza Maheude alikuwa na mpango gani mwingine siku ile kati ya Piolaine na dukani.

Mgomo wenyewe unaanza Desemba. Sababu yake ni ya kihesabu pia. Kampuni inataka kulipa kando kazi ya kusimamisha miti inayoshikilia dari la handaki, ambayo wachimbaji wanaifanya kwa haraka na kwa uzembe kwa kuwa hailipwi kivyake. Sawa. Lakini papo hapo inashusha bei ya kila kigari cha makaa kutoka senti 50 hadi senti 40. Kampuni inasema kilichopunguzwa huku kimerudishwa kule. Wachimbaji wanajumlisha na kugundua kwamba hakirudi. Maheu, mtu mtulivu asiyependa makuu, ndiye anayesimama mbele ya meneja Hennebeau kusema, naye mwenyewe anashangaa kusikia maneno yakimtoka. Ni sura nzuri. Wengi huiita sura ya mwamko wa Maheu, na sina ugomvi nao, ila waongeze kwamba maneno anayoyasema Maheu pale sebuleni, penye zulia na pazia zito, ni yale ya mkewe: kwamba njaa ipo hata wakifanya kazi, basi afadhali wafe njaa bila kufanya kazi.

Baada ya hapo mfuko wa akiba una faranga 3,000. Wafanyakazi wa makaa wa Montsou ni kama 10,000. Fedha zinakwisha. Chama cha Kimataifa cha wafanyakazi kinatuma 4,000, mkate wa siku chache tu. Étienne anazihesabu fedha hizi kwa jicho la katibu: kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimetoka, nani ataandikiwa barua. Jikoni hesabu inakwenda kwa vitu. Sufu ya magodoro inauzwa. Saa ya ukutani inauzwa, na ukimya unaobaki nyumbani unaelezwa vizuri kuliko njaa yenyewe. Kisha linauzwa boksi la karatasi la rangi ya waridi, zawadi ya zamani kutoka kwa Maheu, ambalo mama alilitunza miaka yote; analibeba chini ya sketi kama mtu anayekwenda kumtupa mtoto mlangoni pa watu. Ukutani zinabaki picha za Mfalme na Malkia, ambazo kampuni iliwagawia wafanyakazi, zikitabasamu. Hatuambiwi tucheke wala tulie. Tunaonyeshwa ukuta.

Na kuna baridi. Hapa ndipo riwaya inapoleta kinaya chake kikubwa kuliko vyote, tena bila kukipigia tarumbeta: watu waliokata makaa kwa vizazi vitano hawana makaa ya kuwasha moto. Wakati wa kazi kampuni huwapa wafanyakazi makaa. Wakati wa mgomo hakuna. Alzire, msichana wa miaka tisa mwenye kibiongo, ndiye aliyekuwa mama mdogo wa nyumba ile. Yeye hupika mama asipokuwapo, yeye hubembeleza Estelle, yeye husema hana njaa ili sehemu yake wapewe wadogo. Anakufa usiku, katika chumba kisicho na moto wala taa. Daktari anapofika anamwangalia kwa mwanga wa njiti za kiberiti, anasema amekufa kwa njaa, tena si yeye pekee, kisha anaondoka kwa haraka kwa kuwa anaitwa kwingine. Usiku huo huo Maheude alikuwa amekwisha bisha kwa majirani. Kwa Levaque hakuna kitu. Kwa Pierron kuna taa, kuna moto, kuna harufu ya nyama, na kuna uongo kwamba nao hawana kitu. Mgomo ndani ya kambi, Zola anajua, hauwapimi watu wote kwa ratili moja.

Katika semina yetu mwenzangu mmoja alidai kwamba Maheude ni mama asiye na moyo, na wengi waliitikia kwa vichwa. Ushahidi wao haukuwa mdogo. Anachelewesha ndoa ya Zacharie kwa sababu kijana akioa ataondoka na mshahara wake. Catherine anapokwenda kuishi na Chaval, kinachomuuma mama kwanza ni ujira uliopotea. Catherine anaporudi kwa siri wakati wa mgomo, akiwaletea wadogo zake kahawa na sukari, mama anamkaripia kwa kuwa aliondoka badala ya kubaki kuwaletea mkate. Ukiyasoma matukio haya kwa kipimo cha riwaya za mapenzi, hukumu imekwisha. Lakini hiyo ni kusahau faranga tisa. Katika nyumba ile mtoto anayeondoka anaondoka na mkate wa wenzake, na mama hana lugha mbili, moja ya mapenzi na nyingine ya fedha. Ana moja tu, nayo imechakaa. Mtu akitaka kuona mapenzi yake asitazame anachosema. Atazame jinsi anavyogawa. Tangu mwanzo wa kitabu ni yeye anayegawa, na ni yeye asiyehesabiwa katika mgawo.

Ugumu wa kweli wa mhusika huyu uko kwingine, na hapo sitaki kumtetea kwa urahisi. Maheude alikuwa wa mwisho kuukubali mgomo. Alimwonya Étienne, aliogopa, alitaka amani na mwenye duka. Lakini akishaingia haondoki. Wanaume wanapoanza kusema warudi kazini, yeye ndiye anayekataa: kama wangerudi, Alzire alikufa kwa ajili ya nini? Siku ambayo wagomaji wanakabiliana na askari mbele ya mgodi wa Voreux, matofali yanaanza kurushwa. Maheude amembeba Estelle na hawezi kurusha vizuri. Anamgeukia mumewe aliyesimama kimya na kumwuliza kama anaogopa. Maheu anaingia kazini, anarusha. Askari wanafyatua. Risasi inampata Maheu moyoni, na mkewe, asiyeamini, anamwambia ainuke.

Msomaji wa Lubumbashi hawezi kuusoma ukurasa huo bila kukumbuka Desemba 1941, wachimbaji wa Union Minière walipogoma na askari wakawapiga risasi uwanjani. Lakini ninachotaka kukizungumzia hapa ni dogo na la ndani zaidi. Maheude amemsukuma mumewe. Atakaa vipi na jambo hilo? Hili ndilo swali gumu kuliko yote katika riwaya, na Zola, ambaye ametupa kurasa nyingi juu ya mawazo ya Étienne, wivu wake, fahari yake, aibu yake, hampi mama huyu hata ukurasa mmoja wa kuwa peke yake na swali hilo. Tunamwona kutoka nje, amekaa, hasemi. Ni kweli ukimya huo una nguvu. Ni kweli pia kwamba ukimya ni rahisi kuuandika. Étienne, anayeishi naye nyumba moja, anamtazama na kujiuliza kama anamlaumu. Kwa hiyo hata majonzi ya mjane yanageuka kuwa sehemu ya mashaka ya Étienne. Hapa nadhani mwandishi amemwacha mhusika wake bora.

Na kabla ya hapo alikuwa amekwisha mwacha barabarani. Namaanisha zile sura za maandamano, wachimbaji wanapokimbia kutoka mgodi hadi mgodi wakidai mkate. Wanawake wanaelezwa kama wanyama: nywele zimefumuka, nguo zimechanika, vifua wazi, watoto wachanga wameinuliwa juu kama bendera. Maigrat anapoanguka kutoka juu ya paa na kufa, wanawake wanaikata maiti yake na kukibeba kipande hicho juu ya fimbo. Wapo wanaomtetea Zola kwa hoja nzuri ya kifani. Wanasema kundi lile linaonwa kupitia macho ya matajiri. Na kweli, mke wa meneja, Cécile na mabinti wa Deneulin wamejificha ghalani na kuchungulia kundi likipita. Hofu tunayoisoma ni hofu yao. Hata maiti ya Maigrat inapozungushwa, mabibi wako dirishani wakijiuliza kile kitu ni nini.

Hoja hiyo naikubali nusu. Inaeleza sura ya ghalani. Haielezi mkutano wa usiku msituni, ambako hakuna tajiri anayechungulia, na bado wanawake wanaelezwa wakipandwa na wazimu chini ya mwezi, Maheude akiwa miongoni mwao, katolewa katika utulivu wake wote. Hapo jicho ni la msimulizi mwenyewe. Zola alikuwa mwandishi wa mkondo wa uasilia, unaomwona binadamu kama kiumbe anayeendeshwa na damu yake na mazingira yake, na alipofika kwenye umati aliiamini nadharia kuliko daftari lake. Ndiyo maana nilitaja sheria ya 1874. Jikoni anaandika alichokiona: idadi ya mikate, rangi ya kahawa, boksi la karatasi. Kwenye kundi la wanawake anaandika anachokiogopa. Mwanamke yule yule aliyejua kugawa mkate mmoja kwa watu kumi hawezi, akivuka kizingiti, kupoteza akili yote ya kuhesabu. Angalau ningependa kuonyeshwa anaipotezea wapi. Na tukio la Maigrat lenyewe lina hesabu ndani yake: wanaomkata ni wale waliolipia unga kwa miili yao na ya mabinti zao. Zola anajua hivyo, anagusia, lakini sauti yake inapenda zaidi damu kuliko deni.

Ulinganisho mmoja unaweza kutusaidia. Mwaka 1960 Ousmane Sembène, aliyewahi kuwa kuli wa bandari Marseille na mwanachama wa chama cha wafanyakazi, alichapisha riwaya yake kuhusu mgomo wa reli ya Dakar–Niger, ulioanza Oktoba 1947 ukaisha Machi 1948. Huko pia kampuni inatumia njaa na kiu kama silaha. Huko pia kuna mwanamke, Ramatoulaye, anayetoka nje na kufanya jambo la kutisha: anamchinja kondoo wa ndugu yake tajiri aliyekula mchele wa watoto. Lakini Sembène anaufuata mkono wake tangu sufuria tupu hadi kisu. Hatumwoni kama mnyama. Tunamwona kama mama wa nyumba anayeendelea na kazi yake kwa njia nyingine. Na wanawake wa Thiès wanapoandamana kwenda Dakar, kundi lina majina, lina ugomvi, lina miguu inayouma. Sisemi Sembène ni bora kwa kila kitu. Wahusika wake wa kizungu ni wembamba, na Bakayoko wake ni shujaa mno kwa ladha yangu. Nasema alilifuata jiko hadi barabarani, Zola aliliacha mlangoni.

Katika fasihi yetu ya Kiswahili mgomo una riwaya yake, Kuli ya Shafi Adam Shafi, inayohusu wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Tunaisoma kwa kumfuata Rashidi, kijana anayetoka katika kutojua na kufikia mwamko, na maswali ya mtihani karibu yote hutaka tueleze safari hiyo. Ni maswali halali. Ila nimejiuliza, baada ya Germinal, tungeona nini kama swali moja tu lingeuliza: siku bandari iliposimama, nani alipika, na alipika nini? Sijajibu, na si kazi ya makala haya kujibu. Nimelitaja kwa ajili ya wenzangu wanaotafuta mada ya tasnifu.

Narudi Montsou kwa sura ya mwisho, kwa kuwa ndiyo inayogombaniwa zaidi. Mgomo umeshindwa. Souvarine ameuharibu mgodi kwa makusudi, maji yamefurika, Catherine amekufa chini, Zacharie amekufa kwa mlipuko akijaribu kumfukua dada yake. Babu Bonnemort, akili imemtoka, amemnyonga Cécile, yule binti wa brioche. Asubuhi ya masika Étienne anapita kuaga na anamkuta Maheude kwenye foleni ya kushuka mgodini, kavaa suruali na kofia ya kiume. Yeye aliyeapa kumnyonga wa kwanza kurudi, amerudi. Kampuni, kwa wema wake, imekubali kumwajiri ingawa umri wake umepita. Atasukuma kwa mkono gurudumu la kupuliza hewa, saa kumi kwa siku, katika handaki lenye joto la kuunguza, kwa faranga moja na nusu.

Wahakiki wanaomfuata Étienne hutoka naye hapa. Wanatembea naye kwenye jua, wanasikia chini ya miguu yake wachimbaji wakigonga, wanaona mbegu zikichipua, wanaandika kwamba riwaya inaishia kwa matumaini ya mapinduzi ya kesho. Sikatai kwamba maneno hayo yamo. Zola alipozikwa mwaka 1902, wachimbaji walipita kaburini wakiliita jina la kitabu hiki, na sitajifanya naelewa matumaini yao kuliko wao walivyoyaelewa.

Lakini kabla Étienne hajatoka, kuna mazungumzo mafupi pale kwenye foleni ambayo husahauliwa. Maheude anamwambia hamlaumu tena. Kosa ni la watu wote. Kisha, kwa sauti ile ile ya alfajiri ya kwanza, anaanza kuhesabu. Yeye analeta faranga moja na nusu. Jeanlin, aliyevunjika miguu, amepewa kazi ya juu ya ardhi, analeta moja. Midomo ya kulisha ni sita. Estelle bado mdogo. Lénore na Henri, miaka minne au mitano tu, nao watafikia umri wa kushuka. Étienne anashindwa kujizuia, anauliza: hata wao? Damu inampanda Maheude mashavuni. Anajibu kwamba ndivyo ilivyo, zamu yao itafika kama ilivyofika ya wengine. Wanafunga mlango wa kizimba, anampa mkono, anashuka.